Kupanda treni Berlin siyo kufulia, jamani

Wadau, kuna dada mmoja, jina namhifadhiia ila kwenye bongo muvi mnamjua vizuri, kaposti picha yupo ndani ya treni Berlin na mifuko yake ya sokoni. Weee! Akachambuliwa kama karanga. "Kafulia", "majuu yamemshinda", "rudi nyumbani tu". Siku hiyo hiyo msanii mmoja aliyehamia Houston kaegemea gari kubwa jeusi, basi yeye kila mtu anamwita bosi.

Mimi naona tunapima vibaya kabisa.

Houston gari siyo utajiri, gari kule ni kama ndala. Mji umetapakaa, barabara ya Katy kuna sehemu ina njia zaidi ya 20 ukihesabu na zile za pembeni. Binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi huko. Anasema duka analiona kwa macho ila kulifuata kwa mguu ni kujitafutia kifo. Kwa hiyo unakopa gari, unalipa marejesho kila mwezi, bima, mafuta, na likilala gereji na kazini hufiki.

Berlin sasa, kuna tiketi ya mwezi ilianza Mei 2023 kwa euro 49 (imeshapanda toka hapo), unapanda treni za kawaida, basi na tramu nchi nzima. Bosi anapanda, fundi anapanda, hakuna anayekushangaa. Hata geti hamna, ila ukikamatwa huna tiketi ni euro 60, usijifanye mjanja wa mjini.

Ila kinachoniuma mimi siyo usafiri, ni ugonjwa. Ujerumani bima ya afya ni lazima kisheria, ukiwa kazini inakatwa kwenye mshahara na mwajiri anachangia. Marekani watu wengi bima yao inatoka kwa mwajiri. Mume wa binamu alipunguzwa kazi, na bima ya familia nzima ikaondoka. Usiku mmoja kifua kikambana binamu, akakataa katakata kuitiwa ambulansi kwa kuogopa bili. Jirani ndo alimkimbiza. Mtu ana gari mbili nje halafu anaogopa ambulansi!

Likizo ndo usiseme. Ulaya sheria inakupa angalau wiki 4 za kulipwa kwa mwaka, Marekani sheria ya taifa haikupi hata siku moja, ni huruma ya bosi wako.

Sijasema Ulaya peponi. Kijerumani hujui utazungushwa maofisini mpaka ukome, chumba cha kupanga ni vita, na Jumapili maduka mengi yamefungwa, chumvi uombe kwa jirani ambaye salamu yenyewe haitiki. Marekani Kiingereza chako cha fomu foo na karatasi zako, unaanza kubeba boksi hata wiki hiyo hiyo. Hilo nawapa.

Lakini hizi kejeli zetu zina gharama. Mtu akishachekwa mara moja, anaingia mkopo wa gari ili nyumbani wamuone kafika. Halafu ada ya mdogo wake ikichelewa, tunamwita mchoyo.

Binamu anamaliza marejesho ya gari la pili mwakani. Mama mkubwa kila akipiga simu anamuuliza kwa nini nyumba ya Kigamboni haijaezekwa.