ANTIBAIOTIKI ZISIGEUZWE KARANGA

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limekuwa la kawaida huku kwetu Rungwe, nalo ni matumizi ya dawa za antibaiotiki kwa watu waliovunjika mifupa ya uso.

Kila anayesafiri katika barabara ya Uyole hadi Kasumulu anajua hali ilivyo. Barabara inapanda na kushuka milima, mvua na ukungu havikauki, malori ya mpakani yanapita, na katikati yake zimo bodaboda zenye abiria wawili na mkungu wa ndizi juu. Pikipiki ikianguka na dereva hana kofia ngumu, uso ndio unaopokea lami.

Kijana mmoja jirani yetu alianguka hivyo usiku. Taya la chini lilivunjika, meno yakawa hayakutani, damu ikamjaa mdomoni. Sisi wazee tulikaa, tukachanga, tukamnunulia dukani vidonge vya rangi mbili vya siku tano. Vilipokwisha tulinunua vingine, na vilipokwisha hivyo tukanunua vya aina nyingine. Nami nilikuwa miongoni mwa waliosema, "Kinga ni bora kuliko tiba, mpeni dawa." Wiki ya tatu shavu lilivimba na usaha ukatoka chini ya kidevu. Alipofikishwa hospitali, daktari alituuliza swali moja tu: tulikuwa tunasubiri nini? Kijana alipona, lakini alipoteza meno na miezi kadhaa ya kazi, na pikipiki ya mkataba ikarudi kwa mwenyewe.

Ndugu Mhariri, tangu siku hiyo nimeuliza na kusoma, na nimeona kwamba sisi tulikosea mara mbili. Kosa la kwanza ni kudhani kuwa dawa inaweza kushika nafasi ya kufungwa taya. Mfupa wa taya wenye meno ukivunjika, ufizi huchanika, na mate yenye vijidudu huingia katika ufa. Hata kama ngozi ya nje haina mchubuko, hicho ni kidonda kilicho wazi. Mfupa ukiendelea kuchezacheza, vijidudu vinaendelea kuingia, na vidonge peke yake haviwezi kuvizuia. Kinachotakiwa ni mfupa kurudishwa mahali pake na kufungwa imara.

Kosa la pili ni kudhani kuwa siku nyingi za dawa ndiyo kinga kubwa. Sikatai kwamba dawa ina kazi yake. Mwaka 1987 wataalamu wawili wa Marekani, Chole na Yee, walitoa matokeo ya majaribio yao kwa wagonjwa waliovunjika mifupa ya uso. Wagonjwa waliopewa antibaiotiki saa moja kabla ya kupasuliwa na tena saa nane baadaye, walioingiwa na vijidudu hawakufika 10 katika kila 100. Kwa wale ambao hawakupewa, walizidi 40. Angalieni, ndugu wasomaji: ilikuwa mara mbili tu, siku moja! Mwaka 2006 wataalamu wa Denmark wakiongozwa na Andreasen walichambua utafiti wa aina hiyo na kuona kwamba dawa ya siku moja haikushindwa na ile ya siku saba. Waliona pia kwamba faida iko zaidi kwenye taya la chini. Mifupa ya shavu na ya juu huingiwa na vijidudu mara chache, hivyo si kila aliyevimba uso anahitaji kuendelea na vidonge.

Mtu anaweza kuuliza, "Zikizidi zina ubaya gani?" Ubaya upo. Vijidudu vinavyokutana na dawa kila siku hujifunza kuishi nayo, na kesho dawa ile ile haimsaidii mama mwenye homa ya uzazi wala mtoto mwenye kichomi. Hesabu iliyotolewa mwaka 2022 ilionyesha kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya usugu huo, na Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Taifa letu liliweka mpango wa kupambana na usugu wa dawa mwaka 2017. Lakini mpango utafanya nini ikiwa sisi wananchi tunanunua antibaiotiki kama karanga, nusu dozi leo na nusu mwisho wa mwezi?

Kwa hiyo ningetoa ushauri ufuatao. Kwanza, aliyevunjika taya apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama anaweza kusema na kunywa uji. Michango yetu ianze kwa nauli ya kwenda hospitali ya wilaya, na ikibidi ya rufaa Mbeya, si kwa vidonge. Pili, wenye maduka ya dawa muhimu wakimwona mtu ambaye meno hayakutani baada ya ajali, wamwelekeze hospitali badala ya kumuuzia. Tatu, waganga wetu wamweleze mgonjwa dawa ni ya muda gani na kwa nini. Mgonjwa naye asiache dawa aliyoandikiwa kwa kusoma barua yangu, amuulize aliyemwandikia. Nne, vyama vya bodaboda visimamie kofia ngumu mbili kwa kila pikipiki, ya dereva na ya abiria, na zifungwe kidevuni, si kutundikwa kwenye usukani kwa ajili ya askari.

Kinga ni bora kuliko tiba, wahenga hawakukosea. Tuliokosea ni sisi, tuliodhani kwamba kinga inauzwa dukani baada ya ajali.

Mkulima wa Chai,
Katumba, Tukuyu.