Mashauri ya Nyumbani: Baisikeli ya Kwanza

Atakaye baisikeli ya matembezi ya jioni, na fedha zake ni chache, asitazame rangi kwanza. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi nalipumbazwa na mng'ao, nikanunua iliyozidi kimo changu. Nikaanguka mara mbili mbele ya watoto, na akiba ya nyumba ikaegemea ukuta mwaka mzima.

Basi simama, bomba la juu likiwa kati ya miguu yako: nyayo zote mbili zikanyage chini, na nafasi kidogo ibaki. Ukiketi, kanyagio likiwa chini kabisa, goti likunjike kidogo tu. Zungusha magurudumu, yasiyumbe. Chunguza viungo vya fremu na uma wa mbele: ukiona ufa, iache, ijapokuwa bei ni ndogo. Mnyororo na breki hubadilishwa kwa fedha kidogo. Njia ikiwa tambarare, gia nyingi za nini?

Tena, ile isiyo na bomba la juu humfaa baba na mama pia, maana kiti hupandishwa na kushushwa. Furaha ya mmoja si furaha ya nyumba.