Mafundi wa Darajani na Heshi za Mafaili

Apitaye sokoni Darajani jioni, pale mafundi wa simu na kompyuta walipopanga meza zao, hakosi kumwona kijana akingoja atiliwe programu ya kuandikia, au Windows nzima, kutoka katika flashi ambayo fundi aliipokea kwa mwenziwe, na mwenziwe kwa mwengine, hata asili ya yaliyomo haijulikani tena. Sina dhamira ya kuwatweza mafundi hao, ambao bila ya wao wengi wetu tungelikaa na vyombo vibovu majumbani. Lakini naona ni wajibu wao kulithibitisha kila faili kwa heshi yake kabla ya kulitia katika chombo cha mtu, na ni haki ya mteja kulidai hilo.

Heshi ni hesabu ifanywayo na kompyuta juu ya faili zima, ikatoa mfuatano wa herufi na tarakimu, 64 kwa aina ya SHA-256. Likibadilika faili hata kwa nukta moja, mfuatano wote hugeuka. Waundaji wa programu ya LibreOffice hutangaza heshi zao, na katika Windows amri ya certutil -hashfile, ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256, hutoa jawabu papo hapo. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, imeweka maktaba nzima ya heshi za programu zijulikanazo, ili wapelelezi wasipoteze wakati kuchungua mafaili ya kawaida. Nayo haidai kwamba kila kilichomo ni chema, kwani humo zimo hata zana za kuvunjia mifumo.

Wala heshi isichukuliwe pale pale lilipochukuliwa faili: mwaka 2016 wahalifu waliingia katika tovuti ya mfumo wa kompyuta wa Linux Mint, wakawaelekeza watu kwenye nakala ya mfumo huo iliyotiwa mlango wa siri, na awezaye hayo hashindwi kuugeuza na mfuatano ulioandikwa kando. Ama programu zilizovunjwa kufuli ili zisilipiwe, hizo hazilingani na heshi ya mwundaji abadan. Azitiaye na azitie akijua.

Nitajibiwa kwamba bando ni ghali, na ndiyo sababu flashi huzunguka. Ni kweli, lakini herufi 64 huenea katika ujumbe mfupi mmoja wa simu, na nakala ya flashi huthibitishwa bila ya kupakuliwa upya. Fundi na aandike heshi za programu azitiazo kila siku, aibandike karatasi juu ya meza, mteja ajilinganishie mwenyewe kiooni. Na faili lisilolingana lifutwe mbele ya macho yake.