Simu na Wagonjwa Wetu wa Akili

Habari zitokazo ng'ambo zasema kwamba simu ya mkononi yaweza kutambua, siku kadhaa kabla, kuwa mtu mwenye skizofrenia yu karibu kurudiwa na ugonjwa wake. Wapo watu wanaoitamani zana hiyo kwa ajili ya nchi yetu, nasi hatuwalaumu. Lakini kabla ya Halmashauri yoyote kufungua mkoba wake, yafaa habari hii ipimwe kwa mizani ya watu wetu wenyewe. Tumechagua kuipima kwa Kibaha na Kisarawe, majirani wawili wa Dar es Salaam. Kibaha yapitiwa na barabara kuu ya Morogoro na ina hospitali ya rufaa ya mkoa pale Tumbi. Kisarawe yaanzia kwenye vilima vya Pugu na kuendelea hadi vijiji vya ndani, ambako nauli ya bodaboda kwenda na kurudi hospitali yaweza kumaliza fedha ya juma zima.

Skizofrenia si uvivu, si ulevi, wala si laana ya ukoo. Ni maradhi yanayomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo, aamini kwamba majirani wanamwinda, au ajitenge kimya hata asahau kuoga na kula. Mara nyingi huanza ujanani, wakati ule ule kijana anapoanza kutegemewa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba mtu mmoja katika kila 300 duniani anao ugonjwa huu. Tukilinganisha kadirio hilo na sensa yetu ya mwaka huo huo, iliyotuhesabu watu milioni 61.7, twapata Watanzania 200,000 na ushei. Makadirio ya dunia si sensa ya Mkoa wa Pwani, hilo twalijua. Lakini yatosha kuonyesha kuwa hatuzungumzii yule mtu mmoja ambaye kila soko lamjua kwa jina la utani.

Kinachowavunja moyo wagonjwa na ndugu zao ni kurudi kwa ugonjwa. Mtu hutibiwa, akatulia, akarejea shambani au kwenye zamu yake kiwandani, kisha baada ya miezi kadhaa yote huanza upya. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 huko New York uliwafuatilia wagonjwa 104 tangu walipougua mara ya kwanza. Katika muda wa miaka mitano, wanne kati ya kila watano walikuwa wamerudiwa, na aliyeacha dawa alikuwa katika hatari ya karibu mara tano kuliko aliyeendelea nazo. Kila kurudi kuna gharama yake: kibarua hupotea, ndoa huvunjika, mikorosho ya familia huwekwa rehani ili alipwe mganga, na mara nyingine mgonjwa mwenyewe hufungwa kamba kama mwizi.

Sasa tuulize: ni nani wa kwanza kujua kwamba ugonjwa unarudi? Mama wa Maneromango hahitaji mashine ya kumwambia. Yeye ndiye asikiaye mwanawe akitembea uani saa nane za usiku. Yeye ndiye aonaye chakula kikisukumwa kando kwa madai kwamba kimetiwa kitu. Huenda akakaa na habari hiyo moyoni siku kumi nzima, si kwa ujinga, bali kwa sababu hana wa kumwambia ambaye atafanya jambo. Hapo ndipo ilipo tundu ya kuzibwa, na kila chombo kitakacholetwa kwetu lazima kiulizwe kama kinaiziba tundu hiyo au kinapita juu yake.

Vyombo vyenyewe ni vya namna mbili. Namna ya kwanza ni simu janja inayomchunguza mwenyewe bila kumwuliza neno: ametembea kiasi gani, amelala saa ngapi, amepiga simu ngapi. Mwaka 2018 wataalamu wa Boston, Marekani, walieleza jaribio lao la miezi mitatu kwa wagonjwa 17. Waliona kuwa katika majuma mawili kabla ya kurudiwa, mambo yasiyo ya kawaida katika mwenendo wa mgonjwa yaliongezeka kwa asilimia 71 kuliko wakati mwingine. Ni habari ya kutia matumaini. Lakini waliorudiwa katika jaribio hilo walikuwa watano tu, na watu watano wa Boston ni wachache mno kuwa kipimo cha maisha ya Mzenga au Mlandizi.

Hebu fikirini, ndugu wasomaji. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, nusu ya Pwani hubadili saa za kulala na kuamka: mashine iliyofundishwa Boston itadhani mji mzima umeugua. Mpunga ukikaribia kuiva, mkulima hulala kwenye dungu kulinda shamba na nguruwe, akakesha akipiga debe: mashine itaandika kwamba hajalala na kwamba amehama nyumbani. Simu ikiisha chaji nayo ikapelekwa dukani kuchajiwa, ikakaa huko siku mbili, itasemwa kwamba mwenyewe amejitenga na watu. Muuguzi akiitwa mara tatu bure, mara ya nne haendi, na mara hiyo ya nne ndiyo huenda ikawa ya kweli.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji wa vyombo hivi hawalitaji sana. Ugonjwa huu humwaminisha mtu kwamba anafuatiliwa na kusikilizwa. Kisha sisi, kwa nia njema, tumpe kitu mfukoni ambacho kwa kweli kinamfuatilia! Yeyote atakayefanya hivyo bila kumweleza mgonjwa wazi, akiwa ametulia na ana akili yake timamu, na bila kupata ridhaa yake, atakuwa amelisha moto kuni.

Namna ya pili ni nyepesi zaidi, nayo yatuelekea zaidi: ujumbe mfupi wa maneno, ambao hata simu ya kitochi hupokea. Huko Prague, wagonjwa na ndugu zao waliulizwa maswali kumi kila juma kwa njia hiyo, na majibu yakizidi kiwango, daktari hupata taarifa ili aongeze dawa mapema. Jaribio lililochapishwa mwaka 2012 halikuonyesha faida iliyotarajiwa, na sababu yake inafundisha kuliko ushindi: taarifa zilikuja, lakini mara nyingi madaktari hawakuongeza dawa. Kengele ililia na watu wakaendelea kuketi.

China walipata matokeo mengine. Katika vijiji vya Liuyang, jimbo la Hunan, wagonjwa 278 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipata ujumbe wa kuwakumbusha dawa, na kila mgonjwa akawa na mtu wa karibu, kwa kawaida ndugu, aliyefunzwa kumsimamia na kutambua dalili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019: katika fungu hilo karibu mmoja kati ya watano alirudiwa, na katika fungu la pili karibu mmoja kati ya watatu. Msomaji asiruke hapa. Mafungu yote mawili yalikuwa tayari ndani ya mpango wa Serikali yao uliotoa dawa za akili bila malipo kijijini. Ujumbe ulimkumbusha mtu kumeza dawa ambayo alikuwa nayo.

Wala tusijione wageni katika kazi hii. Kati ya mwaka 2009 na 2010, vituo vya afya 129 katika Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga vilituma kila juma, kwa ujumbe wa simu, hesabu ya dawa zao za malaria. Juma la kwanza, vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimepungukiwa na aina moja au zaidi ya dawa hizo. Juma la 21 vilikuwa vimebaki 26. Hapo simu haikumchunguza mgonjwa hata mmoja. Ilichunguza rafu. Na mwaka 2012 ilipoanzishwa kampeni ya Wazazi Nipendeni, mama mjamzito alituma neno moja kwenda namba 15001, bila malipo, akapata mashauri kwa Kiswahili. Wataalamu wetu wa Muhimbili nao, wakishirikiana na wenzao wa Duke, Marekani, walijaribu Muhimbili na Mbeya mafunzo yanayomkutanisha mgonjwa na ndugu yake mezani pamoja, wakayaita KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima. Vipande vyote vimo humu nchini. Kilichobaki ni kuviunga.

Basi maoni yetu ni haya. Utabiri uanze kwa dawa. Mtu ambaye sindano yake ya mwezi ya flufenazini haikupatikana atarudiwa na ugonjwa, na utabiri huo hauhitaji simu janja wala mtaalamu wa kompyuta. Wahitaji daftari la stoo tu. Kama vituo vya Lindi viliweza kuhesabu dawa ya malaria kwa simu, zahanati za Kisarawe zaweza kuhesabu sindano, haloperidoli, na vile vidonge vya kupunguza mtetemeko ambavyo vikikosekana mgonjwa huikimbia tiba nzima. Pili, kila familia ipewe namba moja, isiyotoza fedha, inayopokewa na muuguzi aliyefunzwa, mwenye muda na nauli ya kutoka. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 umekusudia kuwapata zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Hao wafundishwe dalili za ugonjwa huu kama wanavyofundishwa za kifua kikuu.

Kisha tuseme neno na wanachama wenzetu, hata kama litawaudhi baadhi yao. Balozi wa nyumba kumi ni nguzo ya Chama tangu siku za TANU, na wako wanaofikiri kwamba taarifa za wagonjwa zipitie kwake, au kwa mtendaji wa kijiji, kwa kuwa wanamjua kila mtu. Sisi twapinga. Ni kwa sababu hiyo hiyo ya kumjua kila mtu ndipo siri ya mgonjwa isipitie huko. Taarifa ikifika barazani, kabla ya jua kuchwa imegeuka sababu ya kumnyima mtu mchumba, mkopo au kiwanja. Balozi ana kazi nyingine, nayo ni kubwa: familia ikimwita, asaidie kupata usafiri, na akiona watu wanashika kamba, awazuie.

Kwa wafanyakazi jambo hili ni zito zaidi. Kibaha viwanda vinaongezeka, na zamu za usiku huvunja usingizi, ambao ndio ngome ya kwanza ya mwenye ugonjwa huu. Taarifa ya simu ikimfikia mwajiri, nani atarudishwa kazini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu na inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miaka mitatu, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Vyama vya wafanyakazi vizisome sheria hizo mbili pamoja, kisha viweke katika mikataba ya hali bora kwamba hakuna mwajiri atakayeomba wala kununua habari za simu ya mgonjwa, na kwamba anayetibiwa aombapo zamu ya mchana apewe.

Wakubwa kwa umri watakumbuka kwamba kituo cha elimu cha Kibaha kilijengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa nchi za Nordic, kikakabidhiwa kwetu mwaka 1970. Wafadhili wale walileta walimu, wauguzi na mabwana shamba pamoja na majengo. Anayekuja leo na programu peke yake aulizwe wauguzi wake wako wapi.

Madiwani wa Kibaha na Kisarawe hukaa kila mwaka kupitisha makisio kabla ya Julai Mosi. Twawaomba wenyeviti wa vikao hivyo, mtu akisimama kusifia simu ya kutabiri, wamtake mganga mkuu alete mezani daftari la stoo, na asome kwa sauti sindano ya wagonjwa wa akili ilikosekana siku ngapi mwaka uliopita, na katika zahanati zipi.