Mfiwa na kalamu
Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina, alimtungia shairi, akimwita kwa jina kana kwamba yuko chumba cha pili. Kila mshororo una mizani nane huku na nane kule. Wengi hudhani kanuni hizo za mizani na vina humbana mwenye uchungu. Mimi naona humshika mkono. Anayelia hana pa kuanzia, lakini kina kinamdai neno, naye akilitafuta hukumbuka sauti, mwendo, hata ukimya wa marehemu. Sisi siku hizi twaanua matanga upesi, twamwambia mfiwa ajikaze, basi. Tumpe na kalamu atunge, au uzi na kitambaa adarizi. Na akitaka kutusomea alichotunga, tukae tumsikilize, hata kama ni beti ishirini.