Sasisho la Kweli Haliji kwa Barua Pepe

Swali hili limetufikia zaidi ya mara moja, na kila mara limeulizwa kwa sauti ya chini: nimefungua barua pepe iliyosema kompyuta inahitaji kusasishwa, nikabonyeza, na tangu hapo mashine imekuwa nzito na matangazo yanajifungua yenyewe. Nifanyeje?

Kwanza, aibu iwekwe kando. Hila hii ni kongwe. Mnamo Septemba 2003 kirusi kilichoitwa Swen kilizagaa duniani kwa barua pepe iliyovaa nembo na rangi za Microsoft, ikimhimiza mpokeaji afungue kiambatisho ili ajilinde. Aliyetii alimfungulia mwizi mlango: kirusi kilizima programu za ulinzi, kikajituma kwa watu wengine, na hata kikaonyesha dirisha la uongo la kuomba neno la siri. Microsoft haisambazi masasisho kwa viambatisho vya barua pepe. Sasisho la Windows hutafutwa ndani ya mipangilio ya kompyuta yenyewe, basi.

Ikiwa limeshatokea, katizeni intaneti mara moja, kwani programu hasidi huutumia mtandao kupeleka ilichoiba. Msifungue benki wala barua pepe katika kompyuta hiyo, na msiandike humo neno la siri lolote. Ziko programu zinazonakili kila herufi inayobonyezwa.

Hapa ndipo wengi hupotea: hubadilisha maneno ya siri wakiwa kwenye kompyuta ileile iliyoambukizwa, wakamkabidhi mwizi yale mapya. Tumieni simu au kifaa kingine kilicho salama. Anzeni na barua pepe, maana kupitia hiyo ndipo maneno mengine ya siri hubadilishwa; kisha benki, kisha yaliyobaki. Yote yaliyohifadhiwa ndani ya kivinjari yahesabuni kuwa yameibwa. Ondoeni pia vifaa vyote vilivyoingia katika akaunti, na mtazame kama barua zenu hazijaelekezwa kimyakimya kwa anwani msiyoijua.

Kuisafisha kompyuta si kazi ya kutisha. Windows 10 na 11 zina kinga yake, Microsoft Defender, ambayo hupatikana katika Windows Security. Miongoni mwa njia zake za uchunguzi imo ya nje ya mtandao: kompyuta hujizima, huwaka tena, na kuchunguzwa kabla Windows yenyewe haijaamka. Huchukua kama dakika 15. Faida yake ni kwamba hasidi aliyezoea kujificha Windows inapofanya kazi hukutwa bado amelala. Baadaye fanyeni uchunguzi kamili wa kawaida. Dirisha likijitokeza lenye nambari ya simu na ahadi ya kuwasafishia kwa malipo, lifungeni. Huyo ni mwizi wa pili.

Dalili zikirejea, dawa ni kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Kabla ya hapo nakilini picha na hati, si programu, katika diski ya nje.

Tunazitaja picha kwa makusudi. Katika kompyuta nyingi za nyumbani zimo picha za harusi na za ukumbi wa wanawake, zilizopigwa na waliovua buibui wakiamini hakuna mwanamume atakayeziona. Hiyo ni amana ya wenyewe, si ya mwenye kompyuta peke yake. Kwa hiyo mashine isiachwe dukani kwa fundi usiku kucha na picha zimo. Mtu wa nyumbani akae naye hadi amalize, au atafutwe fundi wa kike, nao wapo. Na akitokea mtu kudai fedha ili asizisambaze, msilipe. Hifadhini ujumbe wake kama ushahidi, mkaripoti polisi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mitandaoni inamhesabu anayeingia kompyuta ya mtu bila idhini kuwa mhalifu.

Mwisho, flashi ya mtoto. Inatoka nyumbani, inapita saiba, inafika shuleni, kisha inarudi. Ichunguzeni nayo kabla hajaichomeka tena katika kompyuta iliyokwisha kusafishwa.