Nyanya Turbo na Nyanya Zetu

Aliyekulia Likoni, hapa Mombasa, hafundishwi kwamba mwanamke mzuri anayesimamisha gari usiku hutazamwa miguu kwanza. Habari ya yule mwenye kwato ndani ya buibui linalonukia udi tuliipata kabla ya kujua kusoma. Kisauni wanayo, Changamwe wanayo, na kila mtaa huapa kwamba yeye ni wa kwao.

Kwa hiyo sikushangaa nilipowaona vijana wetu wakipokezana simu kutazama Dandadan. Katuni hiyo ya Kijapani aliianza Yukinobu Tatsu mnamo Aprili 2021, ikitoka sura baada ya sura katika Shōnen Jump+. Oktoba 2024 studio ya Science SARU ikaigeuza kuwa mfululizo wa runinga, mwelekezi akiwa Fūga Yamashiro. Msichana Momo anaamini mizuka lakini haamini viumbe wa sayari nyingine. Mvulana anayeitwa Okarun anaamini hao wa sayari nyingine, na mizuka anaiona upuuzi. Wanabishana, kila mmoja anakwenda mahali ambapo mwenzake anasema pana mambo, na usiku huohuo wote wawili wanajua kwamba walikosea. Okarun anavamiwa na kizee cha kwenye handaki, Nyanya Turbo, anayemwachia laana na kumpokonya uanaume wake. Baada ya hapo ni mbio za kuutafuta, vita, vicheko, na mapenzi ya watoto wawili wenye haya hata kusalimiana ni mtihani.

Nyanya Turbo hakubuniwa na Tatsu. Ni uvumi wa mitaani huko Japani, wa kizee kinachofukuza magari barabarani, ndugu kabisa wa yule wetu mwenye kwato. Alichofanya Tatsu ni kumkaribisha ndani. Kizee kinashindwa, roho yake inaishia katika sanamu ya paka wa bahati, na tangu siku hiyo kinakaa nyumbani kwa Momo kikigombana na kila mtu na kuwafundisha watoto hao kupigana. Tunaambiwa pia kwamba alikuwa akitokea mahali walipouawa wasichana ili azifariji roho zao. Ukishalijua hilo humwogopi tena vilevile.

Na katika sehemu ya saba ya mfululizo huo kuna mzuka mwingine, mwanamke mrefu mwenye nywele za kufika chini, ambaye kwanza ni kitisho kitupu. Kisha tunaonyeshwa maisha yake: mama maskini aliyefanya kazi usiku na mchana kwa ajili ya bintiye, akaporwa mtoto huyo na wadai, asimpate tena. Nimeitazama sehemu hiyo mara tatu, na mara zote tatu nimelia.

Kwetu kumsikiliza mzuka kuna utaratibu wake wa zamani. Mgonjwa wa pepo huitwa kiti, kwa kuwa kuna mgeni aliyekuja kukaa. Mganga wa ngoma akishafukiza ubani, na pepo akishapanda kichwani, hamfukuzi papo hapo. Humuuliza: jina lako nani, watoka wapi, wataka nini? Mgeni akitaka marashi au pete huahidiwa, naye huahidi kumpunguzia kiti chake mateso. Mtu anaweza kuupinga uganga huo kwa dini yake au kwa elimu yake ya hospitali, na mimi simshauri mgonjwa yeyote aache dawa akacheze ngoma. Nasema tu kwamba wazee wetu walijua kumsikiliza anayetisha, na kwamba usikilizaji huo ni hazina ya mtunzi wa hadithi. Tatsu ameufikia kwa njia ya Kijapani. Sisi tumeurithi, tumeuweka kabatini.

Maana jini wa mapenzi tunaye, na jina lake linajulikana kutoka Mombasa hadi Pemba: jini mahaba. Tumemfanyia nini? Tumemwachia matangazo ya waganga yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme, akitajwa pamoja na kurudisha mpenzi na kushinda kesi. Filamu za Dar es Salaam zilimpa nafasi: mwaka 2005 Mussa Banzi alitoa Shumileta, kisa cha jini wa kike aliyempenda binadamu, lakini damu na mayowe vilimeza mapenzi. Riwaya yetu ya upelelezi nayo ilimwondoa mzuka mapema. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapishwa 1960, alimtuma Bwana Msa kututhibitishia kwamba nyuma ya mzimu kuna mkono wa mtu. Ni kitabu kikubwa, nakipenda. Ila kati ya mzimu wa kutisha na mzimu wa kukanushwa pamebaki pengo, nalo ni la mzimu wa kuchekwa na kuhurumiwa.

Pengo hilo lina gharama. Ng'ambo ya Mtwapa, katika kaunti jirani ya Kilifi, wazee wenye mvi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi na jamaa zao wenyewe, na mara nyingi shamba ndilo lililotakwa. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotoroka nyumbani kwao ili wasikatwe mapanga. Sidai kwamba katuni itaushika mkono wa muuaji. Nadai kwamba kijana aliyelelewa na hadithi ambamo kila kizee cha usiku ni adui huona wepesi kuamini uvumi atakaoletewa kuhusu nyanyake. Aliyecheka na Nyanya Turbo, akamhurumia, akamwona akiishi nyumba moja na vijana, amepewa picha nyingine ya uzee.

Wapo wazazi watakaosema tunachezea mambo ya dini. Nawaheshimu, na jibu langu ni kwamba Qur'ani ina sura nzima, ya 72, inayoitwa kwa jina la majini, na humo kundi lao linaisikia Qur'ani na kuamini. Jini mwenye akili, aibu na toba si uzushi wa Wajapani.

Ndiyo sababu toleo hili tumewapa wachoraji na watunzi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, tukawaomba kitu kimoja: jini mahaba anayechekesha. Hatukutaka macho makubwa ya kuigiza wala majina ya Tokyo. Tulitaka jini anayepanda feri saa ya msongamano akiogopa kukanyagwa kwato, anayeona haya kununua viazi karai kwa sababu muuzaji ndiye anayempenda, na anayezungumza Kimvita. Baadhi ya kazi zilizokuja zimetisha tu, tukazirudisha. Zilizobaki zimo kurasa zijazo.

Toleo lijalo tutaendelea nalo hilihili. Kabla hujachukua kalamu, ndugu msomaji, nenda ukakae na nyanyako jioni moja, umuulize ni jini gani aliyewahi kumpenda mtu katika mtaa wenu na kisa chao kiliishaje. Andika kama alivyokuambia, kisha utuletee.